Tandu Kwenye Tangi la Ukumbini

Marehemu mume wangu alikuwa na wake wawili na tangi moja la samaki, na ukiniuliza mimi, tangi ndilo lililomshinda kugawa. Wake alitugawia siku: mbili kwa bi mkubwa, mbili kwangu, na hakukosea hesabu hata Ramadhani. Vyumba alitupangia mkabala, mlango unatazama mlango, katika nyumba moja ya Kariakoo. Khanga akinunua, zilikuwa doti mbili za rangi moja na maneno mamoja, mpaka tukitoka pamoja watu wanauliza sherehe iko wapi. Lakini tangi lilikuwa moja, na tangi hukati katikati ukabaki na maji. Basi akaliweka ukumbini, baina ya milango yetu miwili, akapima kwa futi kamba kuhakikisha halijasogea upande wa mtu. Nilimwona kwa macho yangu akipima.

Alikuwa fundi vioo. Alikata vioo vya madirisha, akatia picha za watu fremu, akatengeneza vioo vya kujitazamia. Tangi lile aliagizwa na Mhindi mmoja mpiga picha wa mtaa wa pili, aliyetaka wateja wake wapige picha mbele ya samaki wa bahari walio hai, badala ya pazia lake lililochorwa maporomoko ya maji. Fremu ya chuma ikachomelewa, vioo vikawekwa, pati ya kuzibia maungio ikakauka. Halafu majumba yakataifishwa, na yule bwana akafunga studio akaenda Kanada na mama yake na kamera zake zote. Mume wangu akakaa analitazama lile tangi karakanani wiki nzima, kisha akalileta nyumbani kwa mkokoteni. Alisema kama mwenzake ameshindwa kukaa na bahari Kariakoo, yeye atakaa nayo.

Na kweli alikaa nayo. Pampu ya kupuliza hewa ingetoka wapi, siku zile ambazo hata kipande cha sabuni tulikipangia foleni? Akachukua tyubu ya lori, akaijaza upepo kwa fundi baiskeli wa pale kona, akaiunganisha na mpira wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kubana. Upepo ukawa unatoka kidogo kidogo ndani ya maji, bulu bulu bulu, mchana kutwa na usiku kucha. Mawe aliyachukua mwambani maji yakiwa yamekupwa, na mwani wake na vijidudu vyake. Samaki walikuwa watatu. Wawili wadogo wenye milia, wakorofi, wakifukuzana siku nzima. Wa tatu alikuwa wa rangi ya mawe, mwenye kichwa kikubwa, anakaa juu ya jiwe ameegemea mapezi yake kama mtu aliyeweka viwiko mezani, anakutazama tu. Tulimwita Karani.

Kitu kingine ambacho marehemu hakuweza kukigawa ni tumbo lake. Siku ya zamu yangu anakula kwangu, ndiyo haki. Lakini hawezi kupita mlango wa bi mkubwa bila kuitwa aonje, na kuonja kwa bi mkubwa ni sahani ya wali wa nazi na kipande cha nguru juu yake. Siku ya zamu ya bi mkubwa, mimi nami nina kisamvu changu cha karanga, na sikuumbwa kuvumilia sufuria yangu idharauliwe. Alikula kote, akashukuru kote. Kisha akatoka ukumbini na uduvi wake aliouloweka kwenye kikombe, akalisha samaki, na tukamsikia akizungumza na Karani.

Alifariki kwangu. Zamu yangu, chumba changu, kitanda changu. Nilimwamsha kwa sala ya alfajiri, hakuamka. Daktari alisema presha, na alikwisha kumwonya mapema apunguze kula.

Lakini daktari hakai matanga. Aliyekaa ni wifi, dada yake marehemu, na wifi alikuwa na ulimi wa kukata bati. Katikati ya wanawake wanaochambua mchele akauliza kwa sauti, ndugu yake alikula wapi mara ya mwisho. Mtu akamjibu, kwa nani tena, si kwa bi mdogo? Wifi akatikisa kichwa, akasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wote wakaniangalia. Mimi ni mtu wa Lindi, nilikuja mjini nikaolewa juu ya mtu, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Maneno ya wifi ningeyameza. Kilichoniuma ni kimya cha bi mkubwa. Alikaa pembeni yangu, khanga yake imegusa yangu, na hakusema kitu. Yeye ndiye aliyemjua yule mwanamume kabla sijajua hata njia ya kuja Dar es Salaam, na neno lake moja lingenyamazisha mtaa. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, kabla eda haijaisha na kila mtu kushika njia yake: aseme kwamba hanishuku.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna hina, hakuna kutoka nje ya kizingiti. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tulikaa, na zizi lenyewe limefungwa. Tulisalimiana asubuhi, shikamoo, marahaba, tukapeana chumvi ikibidi, basi. Kilichobaki cha kutazama kilikuwa tangi. Yeye alivuta kigoda mlangoni kwake, mimi mlangoni kwangu, na Karani akawa anatutazama mmoja mmoja kama anatafuta faili zetu.

Maji ya bahari yalikuwa lazima yabadilishwe, na sisi hatutoki. Kazi hiyo akaichukua kaka yake bi mkubwa, kuli wa bandarini. Akija, mimi nashusha pazia, naye anabadilisha maji, anachukua tyubu kwenda kuijaza upepo, anasimulia visa vyake kwa sauti ya kutosha vyumba viwili. Siku ya kwanza alipanda basi na debe la maji akaulizwa kuna nini humo, akajibu kwa unyofu kuwa ni maji ya bahari anampelekea dada yake mjane. Watu wakamwachia nafasi. Mama mmoja akamwuliza taratibu kama anatibu na magoti. Nyuma ya pazia nilicheka nikaziba mdomo kwa khanga, na nikasikia mtu mwingine ng'ambo naye anaziba.

Basi, asubuhi moja bi mkubwa akanigongea. Hakuwahi kunigongea. Nikatoka, akanyoosha kidole kwenye tangi. Samaki mmoja wa milia alikuwa amelala ubavu chini kwenye mchanga, amekufa, na juu yake kuna mdudu. Urefu kama kidole cha kati, rangi ya tofali, miguu pande zote mbili, na kila mguu una kishungi cha manyoya meupe. Kichwa kakiingiza tumboni mwa samaki. Kwetu Lindi wale tuliwaita tandu wa pwani. Tulikuwa tukiwaona chini ya mawe tukienda kuokota chaza, na wakubwa walituambia tusiwaguse. Hayo ndiyo yote niliyoyajua.

Bi mkubwa akasema huyo ndiye aliyemuua. Kabla sijafungua mdomo akapandisha mkono wa nguo, akazamisha mkono, akamshika. Alimwachia hapo hapo. Manyoya yale meupe yalikuwa yamebaki vidoleni mwake, membamba hata huyaoni vizuri, yanawasha na kuunguza kama upupu. Nikamkalisha kigodani. Nikatoa plasta kwenye sanduku la marehemu, maana fundi vioo hakosi plasta, nikawa naibandika na kuibandua ili manyoya yatoke nayo, kisha nikakamulia ndimu. Mkono wake ulikuwa mapajani mwangu kama wa bibi harusi anayetiwa hina. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuushika.

Naye akaendelea kumlaani mdudu. Alisema amekutwa juu ya maiti, mtu anataka ushahidi gani tena? Mimi nami nilikutwa na maiti. Sijui kama alikusudia, mpaka leo sijui.

"Umemkuta tu, dada," nikamwambia. "Hukumwona akiua."

Akanitazama. Akatoa mkono wake mapajani mwangu, akainuka, akaingia chumbani akafunga mlango. Shukrani ya punda mateke, nikasema peke yangu, nikaingia kwangu nikalia kwa hasira mpaka adhuhuri.

Hukumu ya mdudu ikapitishwa bila mimi. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kutujulia hali, akasimama pale mbele ya ukumbi na sisi tukamjibu ndani ya mapazia, akachungulia tangi na kuelezwa kisa. Akatamka kwamba huyo ni kupe, mnyonyaji, afukuzwe. Siku zile chochote kilichokula bila kuonekana kikifanya kazi kiliitwa kupe, na balozi hakuhitaji kufikiri sana. Kaka yake bi mkubwa akaja na koleo, akatoa mawe yote, akayagonga na kuyachokoa. Nilimsikia akishangaa. Alidhani tandu ni mmoja au wawili. Kumbe kila tundu lina wake, na waliojificha mchangani ni zaidi. Akawatia kwenye kopo akaondoka nao. Kesho yake akaja na changu wawili wanene, akasema tangu azaliwe hajapata chambo cha namna ile. Bi mkubwa akampika mmoja akanitumia nusu. Nilimla muuaji wetu akiwa ndani ya changu, na alikuwa mtamu.

Siku chache baadaye maji yakaanza kufanya ukungu. Yakawa kama maji yaliyooshewa mchele. Kisha ikaja harufu, na ile harufu, ndugu yangu, haikuwa ya kuchukulia mzaha. Mpangaji wa chumba cha mbele, mtu mpole asiyesema, alisema. Kaka akabadilisha maji, na siku ya pili yakarudi vile vile. Samaki wa pili wa milia alifia nyuma ya jiwe, tukamnusa kabla hatujamwona, maana safari hii hapakuwa na wa kumla. Mchanga ukageuka mweusi. Akabaki Karani, amepanda juu kabisa karibu na mapovu, anahema mdomo wazi.

Bi mkubwa alikaa kigodani akamtazama, machozi yanamtiririka bila sauti. Alisema akifa huyu, basi, hakuna tena kiumbe kilicholishwa na mkono wa marehemu. Ilinijia kwamba na sisi tulilishwa na mkono ule, lakini nilielewa anachosema, na nilimwonea huruma sana, na bado nilikuwa nimemkasirikia.

Alfajiri iliyofuata, baada ya sala, nilitoka polepole na kikombe changu. Nikaona Karani amekonda, apate chakula cha ziada labda atapata nguvu. Nikakuta bi mkubwa amesimama kwenye tangi, ngumi imefumbwa juu ya maji.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Namlisha. Na wewe?"

Nikamwonyesha kikombe. Uduvi uliolowekwa. Akafungua ngumi. Uduvi.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu matanga. Kila asubuhi, ukiwa bafuni."

"Mimi kila alasiri," akasema. "Ukiwa unasali."

Tukatazamana, kisha tukatazama chini kwenye mchanga mweusi, na tukaona kwa mara ya kwanza kilichokuwa kinaoza pale: uduvi wake na uduvi wangu, sahani mbili kwa samaki mmoja mwenye tumbo kama tonge. Ndiyo maana tandu walijaa. Tulikuwa tumewaandikia karamu, wakaita na jamaa zao, na walikuwa wakila makombo yetu usiku na kutuachia maji safi asubuhi. Samaki wa kwanza tulimvimbisha sisi, wao walikuja kuzika. Tulipowatoa wazikaji, msiba ukatubakia wenyewe.

Bi mkubwa ndiye aliyeanza kucheka. Na mimi nikashindwa kujizuia. Tulicheka mpaka tukakaa chini sakafuni, wajane wawili wenye nguo nyeupe, tukizibana midomo ili nyumba isiamke ikatuona. Halafu akaacha ghafla. Akatazama mlango wa chumba chake, akatazama mlango wa chumba changu. Nikamwuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, akainuka kwenda kuchemsha chai.

Tukaacha kumlisha Karani kabisa kwa siku kadhaa, kisha tukapanga zamu, siku mbili yeye, siku mbili mimi, kama zamani. Kaka akaagizwa akawarudishe wauaji. Alilalamika sana, alisema kwanza wamekwisha, wote aliwavulia, na pili haijapata kutokea duniani mtu akaombwa arudishe kupe. Lakini alikwenda maji yalipokupwa, akaja na jiwe jipya ndani ya kikapu, limefunikwa gunia bichi, na ndani yake tandu watatu wenye afya. Tukamwaga mchanga mweusi tukatia mwingine. Maji yakatulia, yakang'aa, na Karani akarudi juu ya jiwe lake, akaweka viwiko.

Siku hizi mjini wapo wenye matangi ya bahari, ofisini kule Posta na majumbani kwa wenye nafasi, vioo vinene na pampu za umeme. Wakisikia niliwahi kuwa na moja Kariakoo lenye tyubu ya lori huniuliza: wale tandu watolewe au waachwe? Wengine wananiambia wako wa aina kubwa wanaokula hata viumbe hai, na mimi sibishi, bahari ina mengi. Wa kwetu sikuwahi kumwona akimkimbiza samaki mzima, na vidole vyako usivipeleke kwake. Lakini kabla ya yote huwauliza wao: unalisha mara ngapi, na mko wangapi mnaolisha?

Eda ikaisha. Tukaoga, tukavua nyeupe, kaka akatuletea doti mbili za khanga, rangi moja. Wanawake wakaja kututoa, wakasoma dua, ukumbi ukajaa. Na wifi akaja. Akapewa kiti karibu na tangi, akanywa chai, akaona wakati wake umefika. Akasema, kwa ile sauti yake ya kutumbua majipu, kwamba sasa bi mdogo arudi kwao Lindi, maana si vizuri mtu kuendelea kukaa mahali ambapo ndugu yao amekwisha mikononi mwake. Sikumwangalia wifi. Nilimwangalia bi mkubwa, na moyo wangu ulikuwa umeshakata tamaa.

Bi mkubwa akaweka sahani yake chini.

"Wifi, unamwona mdudu yule, pale chini ya jiwe? Nilimkuta juu ya maiti nikamwita muuaji. Nikamtoa. Nyumba ikanuka."

Wifi akasema haelewi mdudu anahusu nini. Bi mkubwa hakupandisha sauti.

"Usiku ule kaka yako alikula kwangu kwanza. Wali, sahani nzima, nilimjazia mwenyewe. Ndipo akavuka akaenda kula kwa mwenzangu. Alikula hivyo kila siku, miaka yote. Daktari alituambia apunguze, na mimi nikamngoja mwenzangu apunguze, na yeye akaningoja mimi. Sasa ukitaja mmoja, taja wawili. Mwenzangu haendi popote."

Mapovu tu, bulu bulu bulu. Wifi akamaliza chai yake, na baada ya hapo mazungumzo yakahamia kwenye foleni ya sukari.

Mimi nililia mbele za watu, bila aibu. Alikuwa amenipa nilichokitaka, na ndani yake amenitilia kitu ambacho sikukiomba, nusu ya lawama, na vyote viwili vilikuwa kweli. Jioni, watu walipoondoka, nikamwambia kwamba katika viumbe vyote vya Mungu angeweza kunifananisha na kitu kingine kisichokuwa tandu. Akasema ningemwambia mapema angetafuta.

Halafu akachukua kikombe cha uduvi. Kwa hesabu ilikuwa zamu yake, lakini akanipa mimi.

"Lisha wewe," akasema. "Kidogo, mwenzangu."

Nikachukua kwa ncha za vidole viwili, nikadondosha. Karani akashuka, akala, akarudi mbele ya kioo akatutazama, anangoja aongezwe. Tukasimama pale wote wawili, mikono nyuma.